Glisirini au vazelini, niasinamidi au hidrokinoni: kuchagua kiambato kwa ngozi inayoishi Lubumbashi

Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Lubumbashi ina baridi ya kumfanya mtu aoge maji ya moto kwenye ndoo, kisha atoke nje na miguu iliyopauka kana kwamba amekanyaga majivu. Mvua imekatika tangu miezi kadhaa, hewa imekauka, na vumbi jekundu la barabara za Katuba na Ruashi limelala juu ya kila kitu, mashavu yakiwemo. Fika mwezi wa Desemba, mji huohuo umelowa, shati linagandana na mgongo, na paji la uso linang'aa mafuta kabla ya saa nne. Mtu anayejipaka kopo lilelile mwaka mzima, kwa kuwa mama yake alilipenda au kwa kuwa picha iliyo juu yake inapendeza, analitaka kopo moja lifanye kazi mbili zisizofanana.

Ninalinganisha hapa viambato, wala si majina ya makampuni. Jina lililoandikwa mbele ya chupa huweza kuigizwa, na kampuni huweza kubadilisha mchanganyiko wake bila kumwarifu mteja, lakini glisirini hubaki glisirini, iwe imetoka Ulaya kwa ndege au imepita mpakani Kasumbalesa juu ya lori.

Ugeuze kopo kwanza

Siku moja niliingia sokoni, katika mtaa wetu uitwao Kenya hapahapa Lubumbashi, nikaomba losheni ya ngozi kavu. Muuzaji alinipa chupa mbili za bei moja. "Mama, hii njo ya muzuri," akaniambia, akiinua ile yenye picha ya karoti. Niliomba ruhusa, nikazipiga picha kwa simu upande wa nyuma, kisha nikayakuza maandishi ambayo macho yangu hayakuweza kuyasoma. Ya kwanza, isiyo na picha yoyote, ilianza kwa Aqua, Glycerin, Petrolatum, yaani maji, glisirini na vazelini. Ya pili ilianza kwa Aqua na Paraffinum Liquidum, yaani mafuta ya parafini, katikati ikawa na Hydroquinone, dawa ya kung'arisha ngozi, na karoti yenyewe, kwa jina lake la Kilatini Daucus Carota, ilikuwa mkiani kabisa, nyuma ya Parfum, yaani manukato. Yaani karoti ilikuwa pale kwa ajili ya picha.

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba viambato huorodheshwa kuanzia kile kilicho kingi kwa uzito hadi kile kilicho kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa kwa namna yoyote. Ipo alama moja inayorahisisha kazi. Kihifadhi kiitwacho Phenoxyethanol hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1 katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo unapokiona kwenye orodha ya bidhaa iliyotengenezwa huko, ujue kwamba kila kinachokifuata kipo kwa kiasi kidogo mno. Viambato vichache, kama vile retinoli, hufanya kazi hata kwa kiasi hicho. Siagi ya shea au mafuta ya parachichi hayafanyi.

Kopo lisilo na orodha kabisa, na hasa yale mafuta yanayochanganywa mbele yako au nyuma ya pazia na kujazwa katika chupa tupu, silitii katika ulinganisho huu. Niliwahi kununua moja kwa mtu ambaye sitamtaja. Siku ya nne uso ulikuwa laini na mweupe kidogo, siku ya ishirini ulikuwa na vipele vyekundu, na hakuna daktari ambaye angeweza kuniambia nilipaka nini, kwa sababu hata mimi sikujua.

Ngozi kavu: glisirini, vazelini, siagi ya shea na mafuta ya mchikichi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea wakati wa kiangazi, kwa sababu watu hulinganisha vitu visivyofanya kazi moja. Glisirini huvuta maji na kuyashika katika tabaka la juu la ngozi. Siagi ya shea na mafuta ya mimea hulainisha, yakijaza nafasi ndogo zilizo kati ya magamba ya ngozi. Vazelini haivuti maji wala haiongezi chochote. Inaziba tu, na katika kuziba hakuna mafuta ya mimea yanayoifikia. Ukiuliza ni kipi bora kati ya hivyo vitatu, ni kama kuuliza kati ya ndoo na mfuniko kipi kinatunza maji zaidi.

Julai moja nilifanya jaribio juu ya miguu yangu miwili. Mguu wa kushoto niliupaka glisirini iliyochanganywa na maji, ngozi ikiwa imeshakauka baada ya kuoga. Wa kulia niliupaka vazelini kabla ya kujifuta sawasawa, maji yakiwa bado juu ya ngozi. Wa kushoto ulipendeza hadi saa sita mchana, kisha ukaanza kukaza na kupauka, na ukucha ukipita juu yake uliacha mstari mweupe. Wa kulia ulidumu hadi jioni, ila vumbi lote la njia lilijishika pale, na upindo wa suruali ukaingia doa la mafuta ambalo sabuni haikuliondoa. Wiki ya tatu niliunganisha: glisirini kwanza juu ya ngozi yenye maji, kisha vazelini kiasi cha punje ya haragwe kwa mguu mzima, ikisuguliwa viganjani hadi ikawa nyembamba. Usiku nilipolala, miguu yote miwili ilikuwa bado laini.

Maelezo yake si magumu. Glisirini inatafuta maji popote yalipo, na hewa ya nje ikiwa na unyevu, kama ilivyo mwezi wa Januari, huyapata humo. Lakini katika hewa kavu ya Agosti, ikiwa nzito na bila kitu cha kuiziba, huweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana glisirini tupu ya famasi, ile nzito kama asali, haipakwi bila maji. Wengi huiongezea limau ili "ing'arishe". Limau na jua ni mchanganyiko mbaya: maji ya ndimu na malimau yana kemikali ambazo, zikipigwa na mwanga wa jua juu ya ngozi, huiunguza na kuacha madoa meusi ya muda mrefu, na mara nyingi doa hufuata umbo la tone lilivyotiririka.

Siagi ya shea, inayosomeka kwenye lebo kama Butyrospermum Parkii Butter na ambayo wauzaji wetu huiita karite, ni nzuri kwa viwiko, magoti na midomo. Mti wake ni wa savana za kaskazini ya ikweta, kuanzia Senegal hadi Uganda, mbali na misitu yetu ya miombo, kwa hiyo inayouzwa hapa imesafiri na bei yake inasafiri nayo. Mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yenye harufu ya moshi ambayo mabibi wengi waliwapaka wajukuu zao, yana asidi ya lauriki kwa wingi kama mafuta ya nazi. Kwa mwili yanatosha kabisa, na kwa mtoto asiye na vipele sioni sababu ya kuyadharau kwa ajili ya chupa ya plastiki. Kwa uso wenye chunusi nisingeyapaka, wala yale ya nazi, kwa kuwa yanaweza kuziba vinyweleo. Mawese mekundu ni mafuta tofauti, yametoka kwenye nyama ya tunda hilohilo, na karotini zake hupaka shuka rangi ya chungwa. Yabaki jikoni.

Kwa magaga ya visigini, yale yanayopasuka hadi kutoa damu mwezi wa Septemba, sitaji chochote kati ya hivyo kwanza. Kiambato chake ni urea. Katika asilimia 5 hadi 10 huleta unyevu kama glisirini. Kuanzia asilimia 20 huanza kulegeza ngozi ngumu yenyewe, jambo ambalo shea na vazelini haviwezi. Mtu huloweka miguu katika maji ya vuguvugu, hujifuta, hupaka krimu ya urea, kisha huvaa soksi na kulala. Mpasuko ulio wazi utawasha kwa ukali, hivyo usubiri ufunge, na mwenye kisukari asijitibu miguu peke yake.

Kuhusu sabuni nitasema machache. Sabuni ya kipande ina ukali wa besi wa takriban 9 hadi 10 katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati ya asidi na besi, wakati ngozi hukaa karibu na 5, upande wa asidi. Kwapa na miguu vinaivumilia. Uso mkavu wa mwezi wa Julai, ukioshwa nayo asubuhi na jioni, hauwezi kusaidiwa na krimu yoyote.

Chunusi: asidi ya salisiliki au benzoili peroksidi

Viambato hivi viwili huuzwa kana kwamba ni ndugu, na muuzaji akiishiwa na kimoja hukupa kingine. Asidi ya salisiliki, kwa kawaida katika asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huingia ndani ya kinyweleo kilichoziba na kulegeza uchafu uliomo. Inawafaa wenye vidoti vyeusi puani na vipele vidogo visivyouma. Benzoili peroksidi huua bakteria, na inawafaa wenye chunusi nyekundu zilizovimba na kutunga usaha. Hapa nguvu si ubora: ile ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, huku ikiichoma ngozi kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, na kwa ngozi nyeusi kila mchomo huweza kuacha doa litakalokaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe. Jambo moja la nyumbani: benzoili peroksidi huondoa rangi ya vitambaa, na nimeona foronya ya kitenge ikiwa na duara jeupe pale shavu lilipolala.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, mtu aangalie chunusi zake zimekaa wapi. Zikiwa zimepangana kwenye paji la uso na kando ya nywele tu, mara nyingi chanzo ni pomadi ya nywele inayoteremka na jasho. Kuhamisha pomadi nyuma kidogo na kufunga kitambaa usiku hakugharimu kitu.

Madoa meusi: ulinganisho ambao hauna usawa

Ngozi yetu, ikiumia, hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi. Chunusi, mkwaruzo, kuungua na mafuta ya maandazi, kuumwa na mbu: vyote huacha alama nyeusi. Kutaka alama hiyo iondoke si sawa na kutaka ngozi nzima ibadilike rangi, na muuzaji mwenye haraka huuza cha pili kwa anayeomba cha kwanza.

Upande mmoja niviweke vitatu. Niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, huzuia rangi iliyokwisha kutengenezwa isisambazwe kwenye seli za juu. Hupatikana katika asilimia 4 au 5, haiwashi ngozi nyingi, hupunguza mafuta ya uso, na huvumiliwa hata na mwenye ngozi nyepesi kukasirika. Asidi ya azelaiki, katika asilimia 10 hadi 20, hufanya kazi mahali rangi inapotengenezwa, na papo hapo hupambana na bakteria wa chunusi. Huwasha kidogo wiki za mwanzo, na madaktari huiruhusu hata kwa wajawazito. Vitamini C nayo hung'arisha, lakini ni kiambato dhaifu mbele ya joto, mwanga na hewa: serumu yake ikigeuka rangi ya chai, imekwisha kuharibika. Chupa iliyokaa juani juu ya meza ya soko mwezi wa Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, sitoi fedha yangu kwa ajili yake. Kati ya hivyo vitatu ningeanza na niasinamidi ikiwa doa ni jepesi na uso una mafuta, na ningechagua asidi ya azelaiki ikiwa chunusi bado zinatoka. Vyote vinahitaji wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya mtu kuona tofauti, na hapo ndipo vinaposhindwa sokoni, kwa sababu vya upande wa pili huonyesha kitu ndani ya siku saba.

Upande wa pili kuna hidrokinoni, dawa za jamii ya steroidi, na zebaki. Hidrokinoni ni dawa ya kweli, na daktari wa ngozi huweza kuiandika kwa madoa fulani na kwa miezi michache. Shida ni pale inapopakwa mwili mzima, miaka mfululizo, chini ya jua. Baadhi ya waliofanya hivyo wamepata okronosisi, weusi wa rangi ya samawati iliyokolea unaojaa mashavuni na juu ya vifundo vya vidole, ambao hauondoki kwa kuongeza hidrokinoni na ni vigumu kuuondoa kwa lolote. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikaiondoa hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika krimu za ngozi mwaka 2001.

Steroidi ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu mwanzoni hutuliza kila kitu. Kwenye tyubu husomeka Clobetasol Propionate, mara nyingi ya asilimia 0.05, au Betamethasone, au jina jingine linaloishia na sauti kama hiyo. Zimetengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya ngozi, kwa muda mfupi. Zikipakwa kila siku kwa miezi, ngozi hupungua unene hadi mishipa huonekana, michirizi hutokea mapajani na mikononi, chunusi hufumuka, fangasi hustawi, na kidonda cha upasuaji huchelewa kupona. Zikipakwa mwili mzima huingia katika damu na huweza kupandisha sukari na shinikizo. Mtu aliyezitumia muda mrefu asizikate ghafla kwa kusoma maneno yangu. Ngozi huweza kuwaka kwa ukali, na mwili wenyewe huweza kukosa homoni ulizozoea kuletewa kutoka nje. Amwone daktari, aende na tyubu yenyewe mkononi.

Zebaki haina la kutetewa. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na haibaki kwa aliyejipaka pekee, kwa sababu hupita kwenye taulo, kwenye shuka na kwenye mikono inayombeba mtoto. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni. Bado hukutwa katika sabuni na krimu, pengine kwa majina kama Calomel au Mercurous Chloride, na pengine bila jina lolote. Lebo inayokataza krimu isiguse dhahabu au fedha inastahili kurudishwa mezani, kwa kuwa zebaki hushikana na madini hayo.

Kinga ya jua: nyeupe, isiyoonekana, au yenye rangi

Niasinamidi bila kinga ya jua ni kufagia huku upepo ukivuma. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na miale mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 mtu anapopanda. Baridi ya Juni haiizuii. Weusi wetu unatulinda na kuungua kuliko ngozi nyeupe, lakini hautulindi na madoa.

Kinga za madini, yaani oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, hukaa juu ya ngozi na huwafaa wenye ngozi inayokasirika upesi, ila zinaacha weupe wa unga ambao kwenye uso wangu hunifanya nionekane nimetoka kusaga mahindi. Zile za kemikali hazionekani, lakini baadhi huwasha macho mtu akitoka jasho. Aina ya tatu ndiyo ningemshauri mwenye madoa, akiipata: ile iliyotiwa rangi kwa oksidi za chuma. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huzidisha madoa ya ngozi nyeusi, na oksidi za chuma huuzuia kuliko hizo nyingine mbili. Kuhusu namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza na SPF 50 takriban 98, hivyo tofauti ya bei kati yake sioni kama inalipwa na hiyo moja. Kiasi ndicho kinachoamua: mistari miwili ya krimu juu ya vidole viwili, kila mmoja ukiwa na urefu wa kidole kizima, kwa uso na shingo. Asiyeweza kuinunua ana kofia pana na mwavuli, ambavyo wauza samaki wa Kamalondo hawajawahi kuvidharau.

Retinoli nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inasaidia chunusi, madoa na mikunjo kwa pamoja, lakini hukausha, na kuianza Julai ni kujitafutia magamba. Ningeianza mvua zikiwa zimeshika, usiku mbili kwa wiki. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiitumie. Asidi ya azelaiki itamfaa badala yake.

Kiambato chochote kipya hupakwa kwanza ndani ya mkono, chini ya kiwiko, kila usiku kwa usiku nne au tano, na kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo ukiwashwa hutajua nani alikuchokoza. Andika tarehe ya kufungua juu ya kopo kwa kalamu. Ile picha ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M inahesabu miezi kuanzia siku hiyo. Langu la vazelini huandikwa mwezi wa Mei. Mvua ya kwanza ikinyesha na vumbi la Katuba likatulia, linashuka kutoka miguuni hadi visigini, na glisirini inaweza kubaki peke yake.